Anayechelewa Husimama Mlangoni

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na mtaani wananiita Cheche. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi. Wenyeji wanajua ni kwa sababu ya mdomo. Nina karakana ya mabati kando ya barabara, mashine mbili, moja nzima na moja ya kubembelezwa, na kwa miaka kumi na saba nimetengeneza mageti, vitanda, ngazi na grili za madirisha. Kazi yangu haina kasoro. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti ya juu, maana mtu anayeshinda na grenda ya kukatia chuma sikioni husahau kunong'ona.

Lakini habari hii ni ya mama mkwe wangu kuliko yangu. Watu humwita Matroni. Alifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne, kumi na miwili ya mwisho akiwa mkuu wa wodi ya walioungua, na amestaafu hospitalini tu. Kwingine kote bado yuko zamu. Saa yake ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili yeye peke yake aisome, anaivaa mpaka leo. Akiingia kwako huangalia kwanza kucha zako, kisha uso. Marehemu mumewe alikuwa akisema amelala miaka thelathini kwenye shuka iliyokunjwa pembe kama bahasha, na hakuwahi kuthubutu kunyoosha miguu.

Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na nilimwogopa tangu siku ya kwanza.

Siku tuliyokosana ilikuwa Jumapili, na kosa lilianza kama zawadi. Nilimtengenezea grili za nyumba nzima, madirisha manane, kila moja na maua yake ya chuma katikati. Nilifanya kazi ile wiki tatu, bure, kwa moyo mweupe. Ndugu zake wakaalikwa kuja kuona. Wakasifu, wakagusa maua, wakaniita msanii, nami kichwa kikavimba. Matroni yeye hakugusa ua hata moja. Alikwenda mpaka dirisha la chumbani kwake, akashika nondo kwa mikono miwili, akavuta.

"Fundi," akasema, "moto ukiwaka mlangoni, mimi natokea wapi?"

"Mama, hizi ni grili. Kazi yake ni mtu asipite."

"Asipite mwizi. Na mimi je?"

Shemeji mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Mbele ya watu kumi na wawili, na vikombe vya chai mikononi mwao, nikasema: "Basi mama, tafuta fundi mwingine. Na ukimpata, mpe na binti yako kabisa."

 Mke wangu aliweka sinia mezani polepole, utadhani lina mayai. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikuwa na habari yake siku ile, alikuwa akingoja chai iishe ili atangaze kuwa ana mimba ya miezi miwili.

Matroni hakupandisha sauti. "Asante kwa kazi," akaniambia. "Mlango ni ule pale. Ule haujachomelewa."

Toka hapo ikawa baridi. Nikimsalimia shikamoo aliitikia marahaba, maana yeye si mtu wa kukosa adabu kwa sababu mwingine kakosa, lakini marahaba yenyewe ilikuwa kama mhuri wa posta: unagongwa, basi, anayefuata. Nyumbani kwetu hakukanyaga tena. Niliwahi kumpigia simu. Nikamwambia, mama, siku ile nilikuwa nimechoka, wiki tatu silali vizuri, halafu na wewe ulinisema mbele ya watu, halafu yule shemeji akacheka. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa," akakata.

Haya yote yangekuwa ugomvi wa kawaida wa ukweni kama si ile mimba. Tulikuwa tumewahi kuwa na nyingine, miaka minne nyuma, ikatoka. Mimi wiki ile nilikuwa safarini kwenye kazi ya mapaa, na aliyemshika mke wangu mkono usiku na mchana ni mama yake. Sasa mke wangu alikuwa anaogopa. Hakuficha. Aliniambia jikoni, akiwa ameegemea sinki: "Mimi nataka mama awe humu ndani kabla siku hazijafika. Si hospitali tu. Humu ndani. Bila yeye sitaweza."

"Mwambie aje."

"Nimemwambia. Anasema mwenye nyumba, yaani wewe, alishampa notisi."

Nikatoka nje kukagua geti ambalo halikuwa na tatizo.

Mwezi uliofuata daktari akanipima presha, akatikisa kichwa, akaniambia nitafute mazoezi. Mke wangu akadaka palepale. "Nyuma ya maktaba kuna ukumbi, wanafundisha taekwondo, ule mchezo wa Wakorea. Nenda, hasira zako zitokee miguuni badala ya mdomoni." Nikaona ni wazo zuri. Mwanamke akikupa wazo zuri haraka namna ile, jiulize maswali. Mimi sikujiuliza.

Nilifika na mabuti ya kazini, nikapiga hodi kwa sauti ya karakana, nikaingia moja kwa moja mpaka katikati ya mikeka ya mpira. Watu ishirini na kitu wakasimama kama walioona ng'ombe sebuleni. Mwalimu alikuwa bwana mwembamba ambaye mchana ni karani wa maktaba ileile, na sauti anaitumia kana kwamba amepewa kwa mgawo.

"Viatu," akasema.

Nikarudi mlangoni. Viatu vyote vilikuwa vimepangwa ukutani kwa mstari, ncha zikitazama nje, ili mtu akitoka avivae na kwenda bila kugeuka. Nikavua vyangu, soksi moja ina tundu, dole gumba likachungulia dunia. Nikaelekezwa kuinama kabla ya kukanyaga ukumbi. Nikainama kidogo, kama anayetafuta ufunguo. Halafu nikaenda kusimama mstari wa mbele, kwa sababu mimi ni mtu mzima, nina mafundi wanne chini yangu.

"Hapa hatupangi kwa ndevu," mwalimu akasema. "Tunapanga kwa mkanda. Mweupe ni nyuma kabisa, kushoto."

Nikawekwa nyuma ya binti wa darasa la nne mwenye mkanda wa njano, aliyenigeukia na kunitazama kwa huruma. Mwalimu akatoa amri kwa Kikorea, "Charyot!", watu wakabana visigino, "Kyongne!", wakainama. Walipoinuka ndipo nilipoona, mbele kabisa upande wa kulia, kisogo cha nywele za mvi zilizokatwa fupi, na dobok, yaani lile vazi jeupe la mazoezi, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Mkanda mwekundu. Juu yake hakuna ila mweusi. Mwenye mkanda akageuka.

Alikuwa Matroni.

Sijui kama umewahi kutamani sakafu ipasuke. Nilijua ana mazoezi yake ya jioni, miaka sasa; nilidhani ni ya wazee, ya kuzungusha shingo na kunywa maji ya vuguvugu. Nikainua mkono. "Mwalimu, naomba kutoka."

"Sabumnim," binti wa njano akaninong'oneza. Ndivyo mwalimu anavyoitwa pale.

"Sabumnim, naomba kutoka."

"Kwa nini?"

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza. Ningesema nini? Kwamba yule bibi wa mbele ndiye mama yake mke wangu na nilimwambia atafute mkwe mwingine?

"Basi, hamna."

"Rudi mahali pako. Mkanda mwekundu, mfundishe huyu kuinama."

Akaja. Alisimama mbele yangu kama aliyekuja kunitundikia dripu. "Visigino pamoja. Mikono ubavuni. Mdogo ndiye huanza, mkubwa hujibu. Shuka mpaka hapa." Akanionyesha kwa kiganja. Nikainama, nikimtazama usoni, maana sikujua atafanya nini.

"Macho chini," akasema. "Ukiinama huku unamwangalia mtu, unamwambia humwamini."

"Ndiyo mama."

"Humu hakuna mama. Kuna mkubwa."

"Ndiyo mkubwa."

"Tena."

Nilimwinamia mara kumi na nne jioni ile. Alihesabu.

Nilifika nyumbani nikiwa nafoka. Mke wangu alikuwa kitandani akimenya chungwa. "Ulijua!" nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Usinifanyie hivyo. Ulijua mama yako yuko pale."

"Mama yangu?" akasema. "Kwani leo kumbe alikwenda?" Na akacheka hadi akashika tumbo, na kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kucheka vile baada ya wiki nyingi, hasira zangu zikakosa pa kukaa.

Basi nikaendelea kwenda, siku tatu kwa wiki. Yalikuwa maisha ya ajabu. Ndani ya ukumbi Matroni aliniambia inua goti, shusha bega, pumua, na mimi nikajibu ndiyo mkubwa. Nje, ngazini, tukivaa viatu, marahaba na kwaheri. Sheria zilikuwa nyingi kuliko mateke. Kitu hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili. Ukitaka kurekebisha vazi au mkanda, mgeuzie mwalimu mgongo kwanza, usijifunge nguo mbele ya uso wa mtu. Mikanda ya chini ndiyo inayofagia mikeka. Mkubwa akikuelekeza, usijibu "lakini". Hilo la mwisho lilinitoa jasho kuliko mazoezi yote.

Siku moja nilichelewa dakika kumi. Nikaingia nikijieleza tangu mlangoni: mteja kaleta geti limepinda, umeme umekatika, barabara imefungwa. Mwalimu hakugeuka hata kichwa. Binti wa njano ndiye aliyenifanyia ishara nirudi mlangoni. Sheria ni hii: anayechelewa husimama mlangoni, visigino pamoja, kimya, mpaka aliye mbele amwone na kumruhusu. Nilisimama nikasimama. Mwishowe mwalimu akaja. Nikafungua mdomo: "Sabumnim, kulikuwa na mteja..."

"Sikukuuliza," akasema kwa upole. "Umechelewa?"

"Nimechelewa."

"Unataka nini?"

"Kuingia."

"Ingia."

Nikaona ni ukatili. Mtu ana sababu nzuri kabisa, haulizwi.

Nikawa nabadilika bila kupenda. Karakanani nilianza kumpa mteja bawaba kwa mikono miwili, jirani yangu fundi wa magari akaniuliza kama nimeposa. Tumbo likapungua, presha ikashuka. Na yale ambayo sikuwahi kuyajua kuhusu mkwe wangu kwa miaka saba, nikayajua nikiwa na ufagio mkononi. Jioni moja binti wa njano alikuwa akimuuliza mambo, watoto hawana breki, akamuuliza kwa nini kila akiingia mahali hutazama pembe zote.

"Natafuta pa kutokea," Matroni akamjibu. "Ni tabia ya kazi. Wodini kwetu waliletwa watu ambao dirisha walikuwa nalo."

"Sasa mbona hawakupita?"

"Lilikuwa na chuma."

Alisema hivyo tu, akaendelea kukunja mkanda wake. Hakunitazama. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale nafagia mahali palepale. Ningeweza kwenda siku ileile, nyumba yake naijua, zana ninazo. Sikwenda. Nataka niseme wazi kwamba sikwenda, na sababu yake ni kiburi, sina jina lingine. Nilijiambia nimeshamwinamia vya kutosha.

Tena nikamwambia hivyo yeye mwenyewe. Ilikuwa ngazini, mwezi wa tatu wa mazoezi, anafunga kamba za viatu. Nikajikaza. "Mama, mimi nakuinamia siku tatu kwa wiki. Ukihesabu ni mara nyingi sana. Sijui kama kuna mkwe aliyewahi kuinama hivyo. Mke wangu siku zake zinakaribia. Hebu yaishe."

Akamaliza fundo la kamba. Akasimama, akaitazama saa yake ya kifuani, nadhani ili apate pa kutazama.

"Unauinamia mkanda," akasema. "Mkanda hukuukosea."

Akashuka ngazi. Nilibaki pale na mkoba wangu begani, kiatu kimoja bado mkononi.

Mtihani wa mkanda wa njano ulifika Jumamosi moja asubuhi. Mke wangu alikuwa ameshaingia mwezi wa tisa na halali vizuri; akisikia maumivu kidogo ananishika mkono, haniachii. Aliniambia usiku wa kuamkia siku ile kwamba ameshazoea wazo la mama yake kuja hospitali tu. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye hajazoea chochote. 

Mateke nilifanya vizuri. Ikafika kuvunja ubao. Mkanda wa juu hushika ubao kwa mikono miwili mbele ya kifua, mkanda mweupe hupiga kwa kisigino cha kiganja. Na aliyepangwa kunishikia, unajua ni nani. Mara ya kwanza nikapiga nusunusu, ubao ukacheza tu. Mara ya pili vilevile, nikaona amekunja uso kidogo, vidole vimeumia.

"Unanionea huruma?" akaniuliza chinichini.

"Naogopa kukuumiza, mkubwa."

"Ukipiga nusu ndiyo unaniumiza. Piga yote."

Nikapiga yote. Ubao ukapasuka kwa sauti safi kabisa, na yeye hakurudi nyuma hata hatua moja.

Mwisho ni maswali ya adabu. Unasimama peke yako mbele, mwalimu amekaa mezani, mikanda yote imepiga magoti nyuma yako. Mimi maswali yale nilikuwa nimeyakariri karakanani, nikiyasema chini ya kofia ya kuchomelea.

"Anayechelewa hufanya nini?"

"Husimama mlangoni, sabumnim. Visigino pamoja. Hukaa kimya mpaka aruhusiwe. Akiulizwa husema: nimechelewa, naomba kuingia. Haelezi sababu."

"Kwa nini haelezi sababu?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi.  Nikaanza kufikiri, na nilichokipata hakikuwa jibu la mtihani. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kwenye simu: nilikuwa nimechoka, ulinisema mbele ya watu, shemeji alicheka. Nusu mwaka na ushee nilikuwa nimesimama mlangoni kwa yule mama nikieleza sababu, na sababu zote zilikuwa zinamhusu yeye. Nimechelewa sikuwahi kusema. 

"Sijui, sabumnim," nikasema, na sauti haikuwa ya karakana.

Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Utajibu siku nyingine. Umefaulu."

Nilipewa mkanda wa njano, nikaupokea kwa mikono miwili, nikageuka mgongo kujifunga, na bahati nzuri ni kwamba ukigeuka hakuna anayeona uso wako.

Sikwenda nyumbani. Nilipita karakanani nikachukua grenda, mashine ile nzima, vipande vya chuma bapa, bawaba mbili nzito na komeo, nikamwomba jirani fundi wa magari anipeleke kwa pikapu yake. Saa tisa mchana nilikuwa barazani kwa Matroni. Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa ndani, ameshafua dobok yake, anaining'iniza kwenye kiango cha nguo kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mgonjwa. Vidole viwili alikuwa amevifunga plasta.

Sikupiga hodi. Nikavua mabuti, nikayapanga ncha zikitazama nje. Nikasimama kizingitini, visigino pamoja, nikanyamaza.

Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu mkono ulisita kwenye kola. Kisha akaendelea na kazi yake. Akanyoosha mikono ya vazi. Akatundika mkanda pembeni. Akaenda jikoni, nikasikia maji. Akarudi. Jirani yake akapita njiani na ndoo, akaniita: "Cheche! Wamekufungia nje leo?" Nilikuwa na majibu matano tayari, yote makali. Nikayameza yote matano. Jua lilikuwa linanipiga shingoni na miguu imeanza kufa ganzi, lakini ndani yangu, nakwambia kweli, kwa mara ya kwanza toka ile Jumapili, palikuwa pametulia.

Akaja mpaka mlangoni. Akaitazama saa ya kifuani.

"Unasemaje?"

"Nimechelewa, mama. Nilikosea. Naomba kuingia."

Akangoja. Alikuwa anangoja lile "lakini", maana ananijua tangu zamani. Lilikuja mpaka kwenye ulimi, likagonga meno, nikalirudisha. Nikainama. Nilishuka mpaka pale aliponifundisha na macho nikayaweka chini, kwenye ndara zake za bluu, sina habari uso wake unasema nini. Ndipo nikaziona zile ndara zikisogea, moja kwa nyingine, polepole, mpaka visigino vikakutana. Mkubwa alikuwa ananijibu.

"Inuka," akasema.  "Ingia ndani, mwanangu. Utapigwa na jua bure."

Machozi yalinitoka palepale, mtu mzima mwenye mafundi wanne chini yake. Alijifanya hakuona, akatangulia.

Chumbani nilisimama mlangoni. Grili ilikuwa palepale, na ua langu la chuma katikati, halina hata alama. Lakini kitanda alikuwa amekihamisha. Zamani kilikuwa chini ya dirisha, apate upepo. Sasa kilikuwa kimebanwa nyuma ya mlango, kwenye joto. Miezi yote ile alilala pale, karibu na njia pekee ya kutokea, akiwa na sikio mlangoni.

"Mbona hukuita fundi mwingine, mama?"

"Sikumtafuta," akasema. Akanyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo. "Wala mkwe mwingine sikumtafuta."

Nikavaa miwani, nikawasha grenda. Nilikata kazi yangu isiyo na kasoro, nondo kwa nondo, ua likaanguka nje kwenye majani. Nikatengeneza kimlango cha upana wa mabega, nikachomelea bawaba, nikaweka komeo la ndani lisilotaka ufunguo, la kusukuma kwa kiganja tu, hata gizani, hata kwenye moshi. Nikamwonyesha. Akasukuma, kimlango kikafunguka bila mlio.

"Subiri," akasema. Akainama, akavuta kitu kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa begi la safari, la kahawia, limefungwa zipu, na kibandiko chenye jina la mke wangu kwa mwandiko wa wodini.

"Hilo la nini, mama?"

"La kuja kwenu. Nililifunga mimba ilipofika mwezi wa tano." Akaninyooshea kwa mikono miwili. "Zunguka nje, ulipokee."

Nikazunguka mbio bila viatu. Begi likatoka dirishani, nikalipokea kwa mikono miwili. Kisha ukatoka mguu, kisha mguu wa pili, na bibi wa miaka sitini na tatu akatua kwenye majani bila kushika popote, akajikung'uta vumbi, akageuka kuitazama grili.

"Sasa ni kazi nzuri," akasema. "Madirisha saba yaliyobaki utamaliza Jumatatu. Twende, huyo mtoto hatangoja upate mkanda wa kijani."

Mke wangu alikuwa amekaa sebuleni, miguu kwenye kigoda, tulipofika. Alimwona mama yake kizingitini, akaniona mimi nyuma na begi. Alifunika uso kwa viganja, akalia kilio cha mtu aliyetua mzigo aliobeba kutoka mbali, na mimi nikasimama pale nikicheka kama mjinga.

Matroni akavua viatu vyake mlangoni. Akavipanga pamoja, sawasawa, kwa tabia ya ukumbi, ncha zikitazama nje. Akavitazama. Halafu akainama tena, akavigeuza, ncha zikaelekea ndani, akaenda kumshika mwanawe mkono.